Masuala Tunayotaka Kumwuliza Mola, na Yale Atakayotuuliza Yeye

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, katika darsa zetu limezidi kuletwa suala moja kwa sura mbali mbali: je, Mwislamu aweza kumwuliza Mola wake "kwa nini"? Wanaolileta wengi wao ni vijana wetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale waliokwenda bara kutafuta riziki, na hasa walioko Kitengela na Kajiado.

Kitengela ni mji ulio kusini ya Nairobi, katika njia kuu iendayo Namanga. Zamani yalikuwa malisho ya Wamasai. Leo nyumba zimepandana, na viwanda vya Athi River viko jirani. Tangu reli mpya ya Mombasa ilipofunguliwa mwaka 1017+1000, yaani 2017, mtu wetu huondoka nyumbani asubuhi na kulala huko usiku. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta katika Kajiado nzima watu 687,312. Ile ya mwaka 2019 ilikuta 1,117,840. Katika umati huo mna Wakristo wa madhehebu mengi, mna Waislamu, na mna wenyeji Wamasai. Wengi wa Wamasai leo ni Wakristo, lakini wako wazee wao wamwombao Mungu kama walivyomwomba babu zao.

Kijana wetu, aliyekulia mahali ambapo adhana humfikia kwa pande zote, hupanga chumba katika ua mmoja na watu wa imani tatu au nne. Jioni kazi zikisha huulizwa: Mungu wenu akiwa ni mwenye rehema, mbona amezuia mvua? Wafu mnaosema watafufuka, nani amewaona? Na babu yetu aliyekufa bila ya kulisikia jina la Muhammad, mwasema yuko wapi? Kijana hukosa jawabu. Akirudi nyumbani akamwuliza mwalimu wake, mara nyingi jawabu lake ni moja: "Usiulize hayo, utakufuru." Basi hunyamaza. Lakini aliyenyamaza si lazima awe ameridhika. Na huenda akaendelea kuishika dini kwa ulimi, na moyo umekwisha kutoka.

Kwa ajili hiyo tumeona yatupasa kuyasema haya waziwazi.

KUULIZA SI KUKUFURU

Na tufunue Msahafu. Katika Suratul Baqara, aya ya 30, Malaika walipoambiwa kuwa Mwenyezi Mungu ataweka khalifa katika ardhi, waliuliza itakuwaje awekwe humo mwenye kufanya ufisadi na kumwaga damu. Hawakulaaniwa wala hawakufukuzwa. Walijibiwa kuwa Mola anayajua wasiyoyajua wao, kisha wakaonyeshwa ubora wa Adamu kwa ilimu aliyofunzwa. Nabii Zakaria aliuliza atapataje mtoto na hali yeye ni mzee na mkewe ni tasa. Na Bibi Maryamu aliuliza atazaaje na hali hakuguswa na mtu (Aali Imran, aya ya 40 na ya 47). Nabii Nuhu alisema na Mola wake juu ya mwanawe aliyegharikishwa. Akaonywa asiombe asilo na ilimu nalo, naye akataka maghufira, wala hakuondoshewa daraja yake (Hud, aya ya 45 hadi 47).

Sasa mtazameni Iblis. Alipoulizwa kilichomzuia kusujudu, alijibu kuwa yeye ni bora kuliko Adamu, kwa kuwa ameumbwa kwa moto na mwenziwe kwa udongo (Al-A'raf, aya ya 12). Huyu hakutaka kujua kitu; alikuwa amekwisha kuhukumu. Malaika waliuliza ili wafunzwe, na Iblis alijadili ili ashinde. Mpaka wa adabu uko hapo, wala hauko katika neno "kwa nini".

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba baadhi ya Sahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamlalamikia kuwa wanaona katika nafsi zao mambo mazito wasiyothubutu kuyatamka. Mtume hakuwakemea, aliwaambia kuwa kule kuyaona mazito ndiyo imani iliyo wazi. Na Imam Ghazali, ambaye vitabu vyake vyasomwa katika misikiti yetu mpaka leo, alipitiwa na shaka kubwa, akaiacha kazi yake ya kusomesha Baghdad mwaka 1095, akaenda kuitafuta yakini. Na habari hizo aliziandika mwenyewe bila ya kuona haya.

Huko kuwafunga watu midomo kuna hatari kuliko kuuliza. Katika mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola ulio bara ya Malindi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wafuasi wa mhubiri aliyetuhumiwa kuwaamrisha wafunge mpaka wafe ili wakutane na Mola wao. Hatulitaji jambo hili ili tuwacheke Wakristo, kwani makanisa mengi nayo yalililaani. Twalitaja kwa kuwa lilitokea mlangoni petu, na kwa kuwa laonyesha mwisho wa mtu aliyefunzwa kwamba kumwuliza kiongozi wa dini ni kumwasi Mungu.

Wako wajibuo kwa aya ya 23 ya Suratul Anbiyaa, isemayo kwamba Mola haulizwi kwa ayatendayo. Ni kweli, na maana yake ni kuwa hapana awezaye kumweka kitako akamtaka hesabu. Lakini aya hiyo ina nusu ya pili, nayo husahauliwa: kwamba viumbe ndio watakaoulizwa. Nusu hiyo ndiyo tutakayoishika katika darsa hili. Tutayatazama masuala matatu ya wenzetu wa Kajiado, moja moja, na tutaona namna kila suala linavyomrudia mwenye kuliuliza.

SUALA LA KWANZA: KWA NINI MVUA HUZUILIWA?

Wamasai humwita Mungu kwa jina la Enkai, na neno hilo hilo kwao ni mbingu na ni mvua. Katika hadithi zao za kale, zilizoandikwa na Mwingereza A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1905, yuko Mungu mweusi, Enkai Narok, mwenye huruma, ambaye weusi wake ni kama weusi wa wingu la mvua. Na yuko Mungu mwekundu, Enkai Nanyokie, mwenye ghadhabu, atakaye kuwaangamiza watu. Ngurumo za mbinguni ni ubishi wa hawa wawili. Wako katika Wamasai wasemao kuwa Enkai ni mmoja tu, na kwamba weusi na wekundu ni hali zake mbili.

Tusiicheke hadithi hii, kwani chini yake liko suala la kweli: yawezekanaje mkono uliotoa ndio uliozuia? Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo katika nchi kavu za Kenya. Wanyama wa kufugwa zaidi ya milioni 2 walikufa, na Kajiado ilikuwa katika majimbo yaliyoumia. Mtu aliyeamka akaona ng'ombe wake wote wamelala chini hawainuki, hakosei akiuliza.

Jawabu la Uislamu ni kwamba Mola ni mmoja; yeye ndiye akunjaye na akunjuaye (Al-Baqara, aya ya 245), na katika nguzo za imani mna kuamini kadari, ya heri na ya shari. Na walioishi Kitengela wameyaona hayo kwa macho. Mwezi wa Aprili na wa Mei mwaka 2024, baada ya ukame ule, maji yalijaa hata watu wa Kitengela wakakwama majumbani mwao, wakaja kuokolewa na watu wa Msalaba Mwekundu. Wingu jeusi lililoombwa kwa machozi ndilo lililofurisha nyumba. Basi hapana miungu miwili. Iko rehema moja, nasi hatuijui ila upande wake mmoja kwa wakati mmoja.

Anas bin Malik amesimulia, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kuwa mtu mmoja aliingia msikitini Ijumaa, Mtume akihutubu, akamlalamikia kuwa mali zimeangamia na njia zimekatika, akamtaka aombe mvua. Mtume akainua mikono, na mvua ikanyesha mpaka Ijumaa ya pili. Akaja tena mtu kulalamika kuwa mali zimeangamia na njia zimekatika, safari hii kwa maji. Na Mtume akaomba mvua iwe pembezoni mwao, isiwe juu yao. Twaona hapa kuwa mja ameruhusiwa kulalamika kwa kiu na kulalamika kwa gharika, wala hakuambiwa achague moja anyamaze.

Neno moja kwa watu wetu wa mwambao. Wako kwetu wanaomdharau mzee wa Kimasai aombaye mvua chini ya mti wa oreteti, na hali wao huenda makaburini kumtaka maiti awape mvua na watoto. Mzee yule, pamoja na upungufu wa ilimu yake, amemwelekea Mungu. Huyu wetu, aliyesoma Fat-ha tangu utotoni, amemwacha aliye Hai akamwelekea aliyekufa. Na atazame mwenye akili ni nani anayestahili kukaripiwa kwanza.

Sasa suala lenyewe linarudi. Katika Sahihi ya Muslim imo hadithi Qudsi kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwambia mja kuwa aliugua na mja hakumtazama, aliomba chakula naye hakumlisha, aliomba maji naye hakumnywesha. Mja atastaajabu: vipi, nawe ni Mola wa viumbe? Ataambiwa kuwa fulani aliomba maji, na lau angalimnywesha angaliyakuta hayo kwa Mola wake. Fahamuni, ndugu zetu. Sisi twauliza kwa nini Mola ameacha watu na kiu, naye atatuuliza kwa nini sisi tuliwaacha. Mfanyabiashara angojeaye ukame ili amnunue ng'ombe wa Mmasai kwa bei ya mbuzi, na mwenye kisima apandishaye bei ya maji siku ya dhiki, wana jawabu gani la kutoa?

SUALA LA PILI: KWA NINI TUNAKUFA, NA JE, TUTARUDI?

Hollis huyo huyo aliandika hadithi nyingine ya Wamasai, na twaona ni katika hadithi zenye maana kubwa kabisa. Mtu wa zamani aitwaye Leeyo aliambiwa na Naiteru-kop kwamba mtoto akifa, anapomtupa maiti aseme: binadamu afe arudi, mwezi ufe usirudi. Akafa mtoto, lakini hakuwa wake. Leeyo akageuza maneno, akasema binadamu afe asirudi, mwezi ufe urudi. Baadaye akafa mwanawe mwenyewe. Hapo akayasema yale maneno sawasawa. Akaambiwa kuwa amechelewa, amekwisha kuharibu siku ya mtoto wa mwenziwe. Kwa hivyo mwezi hufa ukarudi, na mtu akifa harejei.

Sisi hatuiamini hadithi hii. Mauti kwetu hayakuletwa na ulimi wa mtu. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeumba mauti na uhai ili awajaribu watu nani mwenye vitendo vizuri zaidi (Al-Mulk, aya ya 2). Wala hatukubali kwamba mtu harejei. Kurejea ni nguzo ya imani yetu. Lakini mwenye kuuliza namna ya kufufuka asidhaniwe kuwa ni mpumbavu, kwani suala hilo limeulizwa na aliye bora kuliko sisi. Nabii Ibrahim aliomba aonyeshwe namna wafu wanavyohuishwa. Akaulizwa kama haamini. Akajibu kuwa aamini, ila ataka moyo wake utulie. Akaamrishwa achukue ndege wanne, na ishara ikamjia (Al-Baqara, aya ya 260). Basi ikiwa Khalili wa Mwenyezi Mungu alitaka utulivu wa moyo, vipi kijana wa miaka 20 aliye mbali na kwao anyimwe haki ya kuutaka?

Na kwa jirani asiyekiamini Kitabu, Qurani yenyewe imetoa dalili iliyo mbele ya macho ya kila mfugaji: ardhi iliyokufa huteremshiwa maji ikatikisika na kuumuka na kuotesha (Al-Hajj, aya ya 5). Mtu wa Kajiado aliyeuona uwanda mwekundu mkavu, kisha akauona umevaa majani baada ya mvua ya siku chache, ana dalili hiyo miguuni pake. Mkumbushe hiyo, wala usimtukane.

Na suala hili nalo linarudi. Kosa la Leeyo lilikuwa nini? Alimnyima mtoto wa mwenziwe yale aliyoyataka kwa mtoto wake. Na Mtume wetu, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, amefunza kuwa haitimii imani ya mtu mpaka ampendelee nduguye yale anayoyapendelea nafsi yake. Wazee wale, ambao hawakuwahi kuisikia hadithi hii, walifahamu kwamba choyo juu ya uhai wa mtoto wa mwenzio ni msiba wa wanadamu wote. Na sisi tulioisikia, tutaulizwa tulifanya nini nayo: mtoto wa jirani asiye wa dini yetu akiugua usiku katika ua wetu, je, twaamka kama tuamkavyo kwa wetu?

SUALA LA TATU: DINI MBONA NI NYINGI, NA WASIOFIKIWA WATAKUWAJE?

Hili ndilo zito. Qurani haifichi kwamba Mola angalitaka angaliwafanya watu wote umma mmoja. Amewaacha watofautiane ili awajaribu, na ameamrisha washindane katika mambo ya heri (Al-Maida, aya ya 48). Amekataza kulazimisha watu katika dini (Al-Baqara, aya ya 256), na amekataza kuwatukana waabudiwa wa wengine (Al-An'am, aya ya 108). Haya hayana maana kwamba imani zote ni sawa. Sisi twashuhudia kuwa haki ni tauhidi, wala hatuoni haya kuyasema hayo. Bali maana yake ni kwamba hukumu ya mwisho ya nafsi za watu haikuwekwa mikononi mwetu.

Ama babu wa Mmasai aliyekufa katika maafa ya miaka ya 1890, wakati ng'ombe walipomalizwa na sotoka na watu wakamalizwa na ndui na njaa, asiwahi kufikiwa na ujumbe, Suratul Israa aya ya 15 yasema kuwa Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka apeleke Mtume. Imam Ghazali, katika kitabu chake kiitwacho Faysal at-Tafriqa, amewagawa wasio Waislamu mafungu matatu. La kwanza ni wale ambao jina la Muhammad halikuwafikia kabisa. Hawa wana udhuru. La pili ni waliofikiwa na habari zake za kweli, tabia zake na dalili zake, wakazikataa kwa inadi. La tatu ni wale waliofikiwa na jina lake likiwa limeharibiwa, wakasikia kwa watu sifa zilizo kinyume cha sifa zake. Na hawa kwake Ghazali ni kama wale wa kwanza.

Tafadhali msomaji, simama kidogo katika fungu hili la tatu. Nani aliyezipeleka habari za Uislamu katika nchi ya Wamasai? Kabla ya reli, ni misafara ya pwani yetu. Joseph Thomson, Mskoti aliyekata nchi hiyo mwaka 1883 akafika Ngong, alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia hizo kabla yake. Watu wa misafara walisali na kufunga, lakini lililowapeleka huko lilikuwa ni pembe. Walibeba bunduki, shanga na nguo, na wenyeji waliwajua kwa biashara na hongo kabla ya kuwajua kwa Kitabu.

Misafara imekwisha, lakini wabebaji wa habari hawajesha. Leo ni dereva, ni fundi, ni mwenye duka la Kitengela, ni mwenye hoteli ya njiani Kajiado. Kwa jirani yake, yeye ndiye Msahafu uliofunuliwa. Akipunguza mizani, ambayo Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuiahidia adhabu, jirani amesoma kuwa Uislamu ni wizi. Akimwita mteja wake "kafiri" mbele ya watoto, jirani amesoma kuwa Uislamu ni matusi. Basi hapo tulipokuwa tukiuliza, "Watu hawa wasioamini watakuwaje?" twaogopa tusije tukaulizwa sisi, "Mliwasikilizisha nini hata wakakimbia?"

YATUPASAYO

Kwanza, walimu wetu waache kujibu kwa kutisha. Mwalimu asiyejua aseme, "Allahu a'lam, nitatazama," kisha atazame kweli. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliandika kwa Kiswahili ili mtu wa sokoni aifahamu dini yake; tusiifunge njia aliyoifungua.

Pili, vijana wapimeni masuala yenu kwa mizani ya Malaika na Iblis. Jiulize: lau nitapata jawabu, niko tayari kulifuata? Ukiwa uko tayari, uliza wala usiogope. Ukiwa hauko tayari, basi huna suala, una ugomvi.

Tatu, walioko Kitengela na Kajiado wajue kuwa kujadiliana kwa njia iliyo nzuri ni amri ya Mola (An-Nahl, aya ya 125), na njia nzuri yaanza na sikio. Msikilizeni mzee wa Kimasai amalize hadithi yake, na Mkristo amalize hoja yake, kisha semeni yenu kwa dalili. Na kabla ya hayo yote, mizani iwe sawa.

Siku ya kusimama mbele ya Mola kila mmoja wetu atakuwa na masuala yake mkononi. Twaomba tusiwe katika wale watakaoyasahau yote kwa uzito wa suala moja watakaloulizwa wao. Ewe Mola wetu, utufunze tusiyoyajua, utupe mvua yenye manufaa isiyo ya gharika, uziongoe nyoyo zetu na za majirani zetu, na usitufanye sisi kuwa pazia baina yako na waja wako. Amin.